Mama wa dagaa aliyekataa hela za TASAF

Niliitwa kukaa mezani kwa sababu moja tu: mwandiko wangu unasomeka. Ilikuwa mwaka 2015, bado nafundisha shule ya msingi ya kijiji, na mtendaji alitaka mtu wa kuandika muhtasari wa mkutano mkuu. Huu ulikuwa mkutano wa pili, wa kuthibitisha orodha ya kaya zitakazoingia kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule wa Serikali wa kuzipa kaya hizo hela, ambao kila mtu anauita TASAF, kwa jina la mfuko unaouendesha. Watu walikaa chini ya mkuyu, wanaume wakiwa wameshawahi kivuli kizuri kama kawaida yao. Mwenyekiti alisoma majina kitongoji kwa kitongoji. Jina likisomwa, mwenyewe anasimama, wote wanamwona, mwenye pingamizi anasema.

Lilipofika jina la mama mmoja wa kitongoji cha mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapofikia, alisimama kama wenzake. Akakaza khanga kiunoni. "Mwenyekiti, nashukuru. Lakini hilo jina langu lifuteni."

Palikuwa kimya, kisha nyuma huko mtu akacheka, na mwingine akasema kwa sauti, "Ana hela huyo!" Mwenyekiti akamuuliza mara mbili kama ana uhakika. Alikuwa nao. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, nikapiga mstari.

Kijiji sikitaji, wala mama mwenyewe. Watu wa huku tunafahamiana. Inatosha kusema kiko ukingoni mwa Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria, si mbali sana na jiji la Mwanza, na hiace ya asubuhi inakufikisha Kirumba kabla soko la mwaloni halijachangamka. Kisa chake nimekizungusha kichwani kwa miaka, kwa sababu siku ile nilidhani nimeshuhudia kiburi, na sikuwa nimeshuhudia kiburi.

Kwanza, alikataa kitu gani hasa? Hapa watu wengi hubishana bila hesabu. Katika awamu ile, kaya iliyoandikishwa ilikuwa na shilingi 10,000 za msingi kwa mwezi. Ikiwa na mtoto chini ya miaka 18, inaongezewa 4,000. Mwenye mtoto mdogo anayepelekwa kliniki, 4,000 nyingine. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi 2,000, nao wasizidi wanne. Wa sekondari walikuwa na viwango vyao. Kaya yenye kila kitu haikuvuka 38,000 kwa mwezi. Malipo yalitoka kila baada ya miezi miwili, taslimu, kwenye meza kama ile niliyokalia.

Mama huyu alikuwa na umri wa kama miaka hamsini, mjane, analea wajukuu wawili wa binti yake aliyekwenda Geita kwenye machimbo na kutuma hela anapokumbuka. Mkubwa alikuwa darasa la tatu, darasani kwangu, na mdogo bado ananyonya kidole. Kwa viwango vile angepata 20,000 kwa mwezi, yaani 40,000 kila malipo. Si mkopo, harudishi mtu. Sharti ni kliniki kwa mdogo na mahudhurio kwa mkubwa, yasipungue asilimia 80 ya siku za masomo. Fomu za mahudhurio tulizijaza sisi walimu, na kijana yule alikuwa hakosi shule hata siku ya mvua. Sharti lisingemgusa.

Basi kwa nini?

Siku zile sababu zilizozunguka kijijini zilikuwa tatu. Ya kwanza, kwamba ni hela za Freemason. Hii nilimwondolea mara moja, maana yeye si mtu wa hadithi hizo, ingawa siidharau: ng'ambo ya ziwa, kaunti ya Homa Bay nchini Kenya, shirika la GiveDirectly lilipopita miaka hiyohiyo likigawa hela bure, kwenye baadhi ya maeneo zaidi ya theluthi ya kaya zilizofuatwa zilikataa, na uvumi wa mashetani ulikuwa miongoni mwa sababu. Hela isiyo na jasho humtia mtu wa ziwani wasiwasi, awe Mjaluo au Msukuma. Sababu ya pili ilikuwa kura. Oktoba ile tulikuwa na uchaguzi mkuu, na wapo waliosema ukichukua utadaiwa. Ya tatu aliisema mwenyewe akitoka mkutanoni, alipoulizwa na jirani: "Wapo wanaohitaji kuliko mimi. Nafasi yangu apewe mwenzangu."

Hiyo ya tatu ndiyo watu waliisifu, na ndiyo iliyonichoma zaidi nilipokuja kuelewa mambo yanavyokwenda. Majina yalikuwa yameshapita kwenye dodoso, yamekwenda juu na kurudi. Kiti alichokiacha hakikukaliwa na mtu. Kijijini kwetu kilibaki kitupu, na mstari wangu juu yake.

Sababu yenyewe nilikuja kuijua miaka miwili baadaye. Tulikaa siti moja kwenye hiace ya kwenda Kirumba, yeye akiwa na viroba vyake juu ya keria. Nilimuuliza kwa utani kama bado ni tajiri. Alicheka, halafu akanieleza kama mtu anayemfundisha mtoto.

Ili kumwelewa lazima ujue dagaa wanavyokwenda. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola. Taa inafanya kazi gizani tu. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga, hivyo wavuvi wanapumzika siku nane hadi kumi, mitumbwi inavutwa juu, nyavu zinashonwa, na mwalo mzima unaishi kwa deni. Giza likirudi, hela inarudi. Kwa hiyo mtu wa mwaloni hana mshahara wa mwezi kama mimi, ana wiki tatu za kuwa nazo na siku kumi za kutokuwa nazo, mwaka mzima, ukiacha masika, ambapo mvua moja ya saa sita mchana inaozesha kila kilichoanikwa.

Mama huyu hakuwa na mtaji. Alfajiri mitumbwi ikifika alikuwa anachukua ndoo tatu za lita ishirini kwa mali kauli: unabeba mzigo kwa neno lako, unauanika, unauza, unamlipa tajiri mwenye mtumbwi. Hakuna karatasi wala mdhamini. Alikuwa na chanja yake ya nyavu juu ya miti, na hilo si jambo dogo, kwa sababu dagaa walioanikwa chini hushika mchanga na wengi huishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya chini. Wa chanjani wanakwenda Kirumba, wanapakiwa kwenda Kongo. Ndoo tatu zikikauka vizuri, jua la siku moja na nusu, kwa hesabu yake zilimwachia elfu nane, tisa, siku nzuri kumi. Hata akiharibikiwa nusu ya siku za giza, mwezi wake ulimpa karibu elfu tisini.

"Sasa mwalimu," akaniambia, "tajiri alikuwa pale pale chini ya mkuyu. Mke wake pia. Ningesimama Serikali ikaniandika mbele yao kwamba mimi ni kaya maskini, kesho alfajiri nani anipe ndoo tatu kwa mdomo? Elfu ishirini ninaiona. Na tisini je?"

Nilinyamaza hadi Igombe.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema akina mama kama huyu wanahitaji kuelimishwa. Waelimishwe nini? Yeye alijua kiwango cha malipo, alijua masharti, na alijua kitu ambacho meza yetu haikukijua: kwamba mwaloni jina ndiyo benki. Sisi tuliliona jina likisomwa kama njia ya kuzuia wizi. Na kwa kweli liliuzuia, maana uhakiki uliofuata nchini ulikuta maelfu ya kaya hewa, watu waliolipwa wakiwa wamehama, wamekufa au hawajawahi kuwepo, na bila macho ya jirani wangekuwa wengi zaidi. Lakini macho hayohayo yanayomfichua mwizi yanamvua nguo mwenye shida. Sijui mtu aliyepata dawa ya kutibu kimoja bila kuumiza kingine. Watoto nao hawana huruma. Darasani kwangu nilisikia "mtoto wa TASAF" ikiwa tusi kabla hata malipo ya pili hayajatoka, na nilichapa mtu kwa neno hilo, jambo ambalo leo sijivunii.

Kwa hesabu ya mwaka 2015, basi, alikuwa sahihi. Nimeirudia mara nyingi na jibu ni lilelile.

Alikosea mahali pawili. Pa kwanza, katika ile elfu ishirini, kumi tu ndiyo iliyokuwa ya kaya kwa ujumla. Nyingine kumi ilihesabiwa kwa ajili ya wajukuu: kliniki ya mdogo, daftari la mkubwa. Alikataa fungu lake pamoja na la wasiokuwepo chini ya mkuyu. Nilipomwambia hivyo kwenye hiace aliangalia nje. Ndilo jambo pekee ambalo hakunijibu.

Pa pili ni pagumu zaidi kuona, na sidhani ningepaona mimi ningekuwa yeye. Alichukulia orodha kama kisima: leo sina kiu, nikiwa na kiu nitarudi. Orodha si kisima. Inafunguliwa kwa ratiba ya mradi, inafungwa kwa ratiba ya mradi, na siku unayozama haimo kwenye ratiba.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mzee mwenye mguu mbovu, aliandikishwa siku ileile bila neno. Alinunua kuku, wakafa na mdondo, akanunua tena, akapata mbuzi. Hakutajirika. Lakini alikuwa ndani ya orodha, na waliokuwa ndani ndio walioitwa kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, ndio waliohesabiwa kwenye kila kilichokuja baadaye.

Februari 2020 Rais Magufuli alizindua kipindi cha pili cha mpango, kwa maelekezo kwamba wenye nguvu wafanye kazi na kwamba majina yahakikiwe kwanza. Mwezi uliofuata shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Na ziwa likapanda. Wazee walikuwa wanasimulia maji ya mwaka 1964, baada ya zile mvua za Uhuru, tukidhani wanatia chumvi. Mei 17, 2020 kipimo cha Jinja, kule ziwa linakomwagia Nile, kilisoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964. Huku kwetu hatukuwa na kipimo, tulikuwa na mkuyu wa pili kutoka ufukweni, ambao uligeuka kuwa wa kwanza, kisha ukawa ndani ya maji. Ufukwe wa kuanikia ulikwenda wote. Chanja ya mama ilisimama siku kadhaa miguu ikiwa majini, kunguru wamejipanga juu yake, halafu wimbi la usiku likaibeba. Jiko lake la udongo lilifuata. Mei hiyohiyo malori yakakwama Rusumo, mpakani na Rwanda, wanunuzi wa Kirumba wakapungua, na hata mwenye dagaa wakavu akawa hana pa kuwapeleka.

Tajiri aliyemlinda kwa miaka yote hiyo alipoteza mtumbwi mmoja na kuhamia mwalo mwingine. Mali kauli ikaondoka naye.

Alikuja nyumbani kwangu usiku, mwezi Juni. Hakukaa. "Mwalimu, ile orodha yenu bado ipo?"

Nilikwenda kwa mtendaji kesho yake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na faili na maelekezo: kwanza uhakiki wa waliomo, wapya baadaye, hilo baadaye litatangazwa. Nilimuuliza kama maji yaliyomeza nyumba hayana faili lake. Akanionyesha fomu ya maafa iliyokuwa imeshajazwa na kutumwa. Kilichotoka kwenye fomu ile ni mahindi, debe moja kwa kaya, mara moja.

Shule zilifunguliwa Juni 29. Yule mjukuu mkubwa, aliyekuwa kidato cha kwanza, hakurudi na wenzake. Alikuwa kibarua kwenye mitumbwi ya upande wa pili wa ghuba. Alirudi shule Septemba, kwa juhudi za mwalimu mmoja wa sekondari ambaye alipanda mtumbwi kumfuata. Katika mambo yote ya kisa hiki, miezi ile miwili na zaidi ndiyo bei ninayoweza kuigusa kwa kidole.

Wapo wanaoniuliza, kwa kuwa wanajua nilikaa meza ile: nikiitwa, nikubali? Jibu langu ni refu kidogo. Uliza kwanza utalipwaje. Siku hizi sehemu nyingi hela inaingia kwenye simu au akaunti, na anayelipwa kwa simu hapangi foleni mbele ya tajiri wake. Hilo peke yake lingebadilisha hesabu ya mama huyu. Kisha ujue fungu lako ni lipi na la watoto ni lipi, usiyakatae kwa pumzi moja. Na kama unaona aibu, kubali hivyohivyo na aibu yako, kwa sababu kutoka kwenye orodha ni neno moja, kuingia ni miaka. Kwa wenzangu wanaokaa mezani nina ombi la ukubwa wa punje: msipeleke dodoso mwaloni wiki ya giza. Mtamkuta kila mtu ana kitu. Nendeni mwezi ukiwa mkubwa. Na mkiona mzigo kwenye chanja, ulizeni ni wa nani, lakini muulize mkiwa ndani ya nyumba.

Ninasema haya kwa sababu nilikuwepo.

Karani wa dodoso alikuja mwaka uliofuata, kijana mpole mwenye kishikwambi, nikaombwa nimwongoze kitongoji cha mwaloni. Maji yalikuwa yameanza kurudi nyuma kidogo. Mama alikuwa amejenga chanja mpya, fupi kuliko ya zamani, na alfajiri ile kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi tajiri mpya alikuwa amemwamini ndoo mbili. Dagaa walikuwa wametandazwa, wanang'aa kama misumari, na yeye anawageuza kwa fagio la mikono miwili, taratibu, asiwavunje vichwa. Wiki ilikuwa ya giza. Uwanja ulikuwa umejaa wanawake wanaogeuza dagaa wao, na mke wa yule tajiri mpya alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, hatua tano kutoka hapo, anasubiri kukusanya madeni ya jana.

Karani aliuliza idadi ya watu, akajibiwa. Akaangalia paa: bati, alilonunua mwanawe wa kiume msimu mmoja wa sangara wengi, kabla hajahamia Bukoba. Akabonyeza. Akauliza simu, ipo. Akabonyeza. Halafu akanyoosha kidole kwenye chanja.

"Na hawa dagaa, mama, ni wa kwako?"

Nilitaka kusema kitu. Aliniwahi kwa macho. Mke wa tajiri alikuwa ameacha kuhesabu hela zake, anasikiliza.

"Ni wa kwangu," akasema, na kuendelea kufagia.

Kijana akabonyeza. Akaomba maji ya kunywa, akaletewa kikombe na yule mjukuu mdogo, akanywa hadi mwisho, akashukuru, akaniuliza nyumba inayofuata ni ipi.